Mtungi Uliofukizwa Mara Mbili

Paka ndiye aliyetangulia kufa, na kwa kuwa alikuwa paka mwizi, hakuna aliyemlilia. Ilikuwa Alhamisi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Bulla Iftin, mjini Garissa. Fosia alimkuta amelala ubavu kwenye kizingiti cha jiko, povu mdomoni, kando ya kikombe cha chai alichokipindua. Akamsukuma kwa kidole cha mguu.

"Leo umeshiba," akamwambia.

Hapo akasikia kishindo sebuleni. Mama mkwe wake, Hani, alikuwa ameanguka kifudifudi mkekani. Baba mkwe, Mzee Salah, bado alikuwa ameketi wima, lakini mate yalimtiririka mpaka kwenye ndevu zake za hina, na jasho lilimtoka kama mtu aliyetoka kuchota maji mto Tana mara ishirini. Fosia alikuwa amekunywa chai ya strungi, isiyo na maziwa. Ndiyo maana alikuwa na nguvu ya kupiga mayowe.

Saa mbili, wazee wote wawili walikuwa hospitalini. Saa mbili na nusu, Arbia Nunow akaingia uani na mkoba wake.

Cheo chake kiliandikwa afisa wa afya ya umma, lakini Garissa nzima ilimwita Bwana Afya, ingawa alikuwa mwanamke na alikwisha kuzaa watano. Pua yake ilikuwa na sifa kuliko yeye mwenyewe. Walisema aliwahi kunusa sambusa akataja siku nyama ilipochinjwa, jina la mchinjaji, na kwamba mchinjaji huyo alikuwa amegombana na mkewe. Mimi sikuwepo, lakini aliyenisimulia hakuwa mwongo sana. Alichokuwa nacho Arbia kwa wingi zaidi ya pua ni dharau. Aliigawa bila upendeleo, kwa tajiri na maskini, kwa Msomali na mtu wa bara.

"Madam, umechelewa," akasema Sajini Koome, akijipigapiga kifua. Koome alikuwa Mmeru, mtu mwema, mwenye desturi ya kukamata kwanza na kufikiri siku ya mapumziko. "Kesi imekwisha. Mshukiwa yule pale."

Kwenye nguzo ya lango alikuwa amefungwa pingu Awil, mpwa wa Mzee Salah, mwanamume wa miaka thelathini aliyetunza bustani ya nyanya nyuma ya nyumba.

"Eedo Arbia, wallahi mimi sikuweka kitu!" Awil akalia, akimwita shangazi kwa Kisomali.

"Tulipata hii jikoni," akasema Koome.

Ilikuwa chupa ya maji ya kununua, imejaa kitu cha rangi ya mkojo wa ngamia. Ilikuwa imebandikwa plasta nyeupe ya hospitali, na juu yake, kwa kalamu nene, herufi kubwa: DAWA YA NYANYA. Kila Y ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoano.

"Ilikuwa wapi?"

"Rafuni. Kati ya mafuta ya kupikia na siki."

Arbia akamgeukia Awil polepole. "Nani ameandika hapa?"

"Daktari Ndirangu wa duka la dawa za kilimo. Yeye ananunua dawa kwa mitungi, anatugawia kidogo kidogo kama hii."

"Na karatasi ya mtungi, yenye maelezo na alama ya hatari, anakugawia pia kidogo kidogo?"

"La, Eedo."

"Nyanya yako yuko hai?"

"Yuko, alhamdulillahi. Anaumwa mgongo tu."

"Basi nyanya yako, anayeumwa mgongo, akiingia jikoni akaona chupa imeandikwa dawa ya nyanya, atafanya nini?"

Awil akafikiri. Haikuwa kazi aliyoizoea. "Atakunywa," akasema.

"Atakunywa, na atakushukuru. Sasa nionyeshe unavyopulizia hizo nyanya."

Wakamfungua pingu. Awil akavua shati, maana ndivyo alivyofanya kila siku, asije akalichafua. Akabeba pampu mgongoni, pekupeku. Akaonyesha anavyokoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Akaeleza kwamba jana jioni tundu la pampu liliziba, kwa hiyo alilitia mdomoni akalipuliza. Upepo? Upepo ulikuwa ukimjia usoni, ulimburudisha vizuri.

"Na nyanya ulizopulizia jana, mtazichuma lini?"

"Leo mchana. Wageni wanakuja."

Koome aliandika yote hayo daftarini kama ushahidi wa kuua. Arbia akamgeukia Awil.

"Unajua kwa nini hujafa?" akamwuliza. "Sumu imeingia mwilini mwako, ikakuta kila mahali pamejaa ujinga, ikakosa pa kukaa. Glavu huna, viatu huna, sabuni sijui kama mmewahi kukutana. Sajini, mwachilie."

"Madam!"

"Tazama shingo ya chupa. Plasta imezunguka kifuniko, haijakatwa. Imejaa mpaka juu, haijafunguliwa tangu dukani. Ile ya jana aliimaliza kwenye nyanya na kwenye kifua chake. Huyu ni mjinga tu, na ujinga hauna kifungu cha sheria. Ungekuwa nacho, jela zingejengwa mpaka Wajir."

Kisha akaingia jikoni. Chini ya meza palikuwa na mtungi wa plastiki wa lita tano, mweupe, umepungua vikombe vitatu vya maziwa ya ngamia.

"Huu?"

"Wa Ebla," akasema Fosia. "Kila Alhamisi tunachukua mtungi mzima, kwa sababu alasiri wanakuja watu kusoma Kurani. Leo ni watu arobaini. Hii chai ya asubuhi niliibia tu humo."

Arobaini. Arbia akainama juu ya mtungi. Kifuniko kilikuwa cha bluu na hakikulingana na shingo. Kitako kilikuwa kimekwanguliwa kwa kisu cha moto, mahali panapokuwa na chapa ya kiwanda. Akanusa. Kwanza ulikuja moshi wa mgunga, kama mtungi wowote wa maziwa wa akina mama wa hapa, ambao hufukizwa kwa kaa la mgunga ili maziwa yadumu na yanukie. Halafu chini ya moshi huo kulikuwa na moshi mwingine.

"Fosia, mmechoma ubani leo?"

"Hatujachoma."

Kabla hajauliza la pili, mtu akabisha hodi huku ameshaingia. Alikuwa Ndirangu, mwenye duka la dawa za kilimo, amevaa koti jeupe. Tangu avae koti hilo mji ulimwita Daktari, naye hakuwahi kumsahihisha mtu.

"Poleni sana! Awil alinipigia simu nikaacha wateja." Akapita kando ya chupa iliyokuwa mezani bila kuitazama, akainama chini ya meza. "Huu mtungi nitaubeba, nikaupime kule dukani. Ninyi hapa hamna vifaa."

Arbia akaweka mguu wake juu ya kifuniko. "Una vifaa gani, Daktari, zaidi ya koti?"

"Nilitaka kusaidia tu."

"Umesaidia. Nenda."

Ndirangu akacheka, akatoka. Pale langoni akamwambia Koome kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Hawa watu, Sajini, unawajua. Mama wa maziwa mmoja ana kinyongo, mwingine anakufa. Hapa si kwetu."

Saa nne na dakika kumi simu ya Koome ikalia, namba imefichwa. Saa nne na nusu, Sajini alikuwa sokoni, amepekua gunia analokalia Ebla muuza maziwa, ametoa chupa. Saa tano, Ebla alikuwa seli, na Koome alikuwa akimsubiri Arbia kituoni na uso wa mtu aliyeshinda mbio za ngamia.

"Sasa hii je?" akasema.

Chupa ndogo ya maji. Plasta nyeupe ya hospitali. Herufi kubwa za kalamu nene: SUMU YA BANYA.

"Ona mwenyewe, Madam. Banya! Ni lafudhi yenu hiyo. Saa nane nampeleka kortini. Nimeshapiga chapa mashtaka."

"Umefanya haraka, Sajini. Siku utakayokamata mtu sahihi utafanya haraka hivyo hivyo?"

Akaomba glasi ya maji. Akavaa glavu, akafungua chupa kwa mbali na uso wake, akadondosha matone mawili. Maji yakageuka meupe pepepe.

"Yesu," akasema Koome. "Maziwa!"

"Si maziwa. Na sumu ya panya haifanyi hivi. Hii ni dawa ya wadudu wa mimea, ikikutana na maji inakuwa nyeupe. Ukiitia kwenye maziwa, nani ataiona?"

Akampigia simu Gacheri, daktari wa zamu hospitalini. Gacheri hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mboni zao zimekuwa kama tundu la sindano," akasema. "Mate, jasho, kifua kinakoroma. Ni dawa ya wadudu, nilishaanza sindano. Mama anazungumza. Mzee naye ameanza kutukana wauguzi, kwa hiyo atapona."

Ebla akaletwa. Alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, baragumu la sauti kwa kawaida, lakini sasa alishika ncha ya shungi lake kwa mikono miwili. Kwa kuwa Koome alikuwepo, walizungumza Kiswahili.

"Abaayo, dada yangu, unajua haba nini inakufa?" Ebla akamwambia Arbia. "Jina yangu. Korti ikisema mimi hakuna kosa, mwaka gani? Leo watu imeona bolisi anatoa chuba kwa gunia yangu. Nani atakunywa maziwa ya Ebla? Miaka ishirini na mbili mimi nauza!"

"Hujaonja maziwa leo asubuhi? Wewe huonja kila mtungi."

"Leo Alhamisi, mimi nimefunga. Nitaonja namna gani?"

"Mtungi wa Mzee Salah uliutoa wapi?"

"Ile yangu ya zamani ilibasuka. Jumanne nilinunua huu mubya, kwa mutu ya mukokoteni. Aliuza vitu yake yote, amebanda lori ya Griftu, ameenda. Alikuwa nayo mutungi moja tu. Alisema, mama, hii imefukizwa tayari, ni ya kienyeji kabisa."

"Ulinusa nini?"

Ebla akakunja pua, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe akawa Ebla. "Ubani! Astaghfirullah! Nani anafukiza mutungi ya maziwa na ubani? Ubani ni ya nyumba, ya nguo, ya bibi harusi! Nikasema, hii ilikuwa ya mwanamuke moja mujinga. Nikafukiza tena na mugunga, harufu ikaisha. Jana mutungi ilienda kwa ngamia, leo alfajiri imerudi imejaa."

"Hukuosha?"

"Imefukizwa mara mbili, abaayo."

Arbia alifumba macho. "Ebla, nakuheshimu, lakini moshi hauoshi sumu. Moshi unaificha tu." Kisha akasogeza chupa. "Hapa pameandikwa nini?"

Ebla akaigeuza, akaitazama juu chini. "Mimi nasoma Kurani. Haya ya bolisi sijui. Hata simu yangu, wateja nimeweka bicha. Mzee Salah ni bicha ya ndevu."

"Sajini," akasema Arbia, "mtuhumiwa wako hajui kuandika. Ila usichoke. Lete mtungi na kijiko."

Wakamwaga maziwa kwenye ndoo yenye kifuniko, wakaitia lakiri. Arbia akakwangua masizi ndani ya shingo ya mtungi. Chini ya masizi, imeganda kwenye ukingo, ikatokea pete ya karatasi ya fedha: mabaki ya kile kizibo kinachochanwa mtungi unapofunguliwa mara ya kwanza. Juu yake palikuwa na namba, imeungua kidogo lakini inasomeka: 7716 na herufi K.

Saa saba na dakika tano wakaingia dukani kwa Ndirangu. Duka lilikuwa limejaa chupa za maji zenye plasta nyeupe: DAWA YA KUPE, DAWA YA MCHWA, DAWA YA VIROBOTO. Hakuna hata moja iliyokuwa na karatasi yake.

Arbia akabadilika sura. Akawa mpole, na wanaomjua wangetoka mbio.

"Daktari, nimekuja kukuomba radhi. Wewe ndiye mtaalamu. Chupa hii tumeikuta kwa yule mama. Imetoka kwako?"

Ndirangu akaitazama kwa mbali. "Kwangu? La hasha. Sijawahi kuiona."

"Una hakika?"

"Madam, tumia macho." Akagonga plasta kwa kucha. "Banya. Mimi nimesoma, siwezi kuandika banya. Hii wameandika wenyewe, watu wa huku hawana P midomoni. Ni kama sahihi yao."

"Awil!" akaita Arbia. Awil, aliyekuwa amewafuata kwa kuwa hakuwa na shughuli nyingine, akaingia. "Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, Eedo."

"Yule mnyama anayekula mahindi stoo anaitwaje?"

"Banya."

"Chukua kalamu, mwandike."

Awil akaandika juu ya boksi, akiuma ulimi. PANYA.

Arbia akamgeukia mwenye duka. "Unaona, Ndirangu? Msomali husema banya. Lakini aliyekwenda shule P aliipata kwa fimbo, na fimbo haisahauliki. Hawezi kuiandika vibaya hata usingizini. Na yule asiyekwenda shule haandiki kabisa. Katika mji huu mzima, mtu wa kuandika banya ni yule tu anayetucheka. Umekaa hapa miaka tisa ukiiga midomo yetu mbele ya rafiki zako, na leo mkono wako umeiga pia."

"Hayo ni maneno. Hayo si ushahidi!"

"Y yako ina mkia wa ndoano. Tazama hii, tazama zile zilizo nyuma ya kichwa chako. Hata kuiba mwandiko umeshindwa, umejiibia mwenyewe. Sajini, fungua boksi la dawa ya nyanya."

Koome akafungua. Mitungi ya lita tano, myeupe, mmoja baada ya mwingine, mipya. Akachungulia vizibo vya fedha, akasoma kwa sauti, "Saba saba moja sita K. Saba saba moja sita K." Sauti yake ilishuka kila aliposoma. Alianza kufikiri, na kumbe haikuwa siku ya mapumziko.

Nyuma ya duka wakakuta mitungi mitupu sita, kifuniko cha bluu kwa kila mmoja, vitako vimekwanguliwa. Palikuwa na kisu chenye masizi, na chetezo cha udongo, na mfuko wa ubani wa bei ya chini kabisa.

"Tuambie," akasema Arbia. "Maana mimi najua mengine, lakini nataka kusikia namna mtu mwenye koti anavyoeleza."

Ndirangu akaketi juu ya gunia la mbolea. "Sheria inasema mtungi ukiisha uoshwe mara tatu, utobolewe, urudishwe kwa wanaokusanya. Utobolewe! Plastiki nzuri namna ile! Na wanawake wa maziwa wanaigombania mitungi. Nikampa mwenye mkokoteni mmoja, ajaribu. Mmoja tu, wallahi."

"Usiape kwa mdomo wetu. Kwa nini hukuosha, hata mara moja?"

"Harufu ingetoka zaidi. Na kila mtu anajua Wasomali hawataki mtungi ulioguswa na maji. Wanataka moshi."

"Nani alikuambia?"

"Kila mtu anajua."

"Na ubani?"

"Si ndio mnaochoma?" akasema, kwa mshangao wa kweli.

Arbia akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Miaka tisa. Hukuuliza mwanamke hata mmoja. Ungeuliza, ungejua maziwa hufukizwa kwa mgunga, baada ya mtungi kuoshwa na kuanikwa. Asubuhi chupa iko juu ya meza, sote tunazungumza habari ya chupa, wewe ukakimbilia mtungi chini ya meza. Ulijua. Watu wawili wanakata roho, ungeweza kumwambia Gacheri jina la sumu. Badala yake ukaandika plasta ukamtilia mama wa watu kwenye gunia. Kwa ajili ya mitungi mitupu."

"Ningefungiwa duka," akasema Ndirangu.

"Hilo ndilo lililokuuma. Sajini, pingu unazo, nimeziona. Leo zimepata mkono wake."

Saa nane kasoro robo Ebla akafunguliwa seli. Koome akamwomba radhi kwa Kiswahili kizuri, kofia mkononi, akamwambia yuko huru kwenda.

"Kwenda wabi?" akauliza Ebla. "Wewe ulinitoa sokoni. Nirudishe sokoni."

Wakaenda, Sajini mbele. Mitungi mingine ya Ebla ilikuwa pale pale, imejaa, hakuna aliyeisogelea tangu asubuhi. Wanawake wenzake hata vivuli vyao walikuwa wameviondoa karibu. Ebla akaketi juu ya gunia lake. Akamimina kikombe cha nusu lita, maziwa ya ngamia mazito yenye moshi wa mgunga, akamnyooshea Koome.

"Mama, mimi maziwa ya ngamia, tumbo langu..."

"Kunywa."

Koome akatazama huku na huku. Wauza miraa walikuwa wamesimama juu ya viti. Akamtafuta Arbia amwokoe, naye Arbia alikuwa ameinua kidevu, anatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Sajini akafumba macho, akanywa mpaka tone la mwisho, mshipa wa shingo ukimcheza.

Ebla akamtazama juu mpaka chini, kama mnunuzi anavyomtazama ngamia dume ambaye hamtaki hata bure.

"Uko hai?"

"Niko hai," akasema Koome.

"Hawa wa nyuma hajasikia."

"Niko hai!"

"Sauti ya bolisi! Ile ya asubuhi!"

"NIKO HAI!" akanguruma Sajini Koome, na mwanamke wa kwanza akatoa kikombe chake mbele.